Nani Alibeba Mizigo ya Kilosa?

Ndugu msikilizaji, leo nina deni la kulipa. Nimepata barua kutoka kwa mzee mmoja anayeishi vijiji vya juu wilayani Kilosa, upande wa milima ya Ukaguru. Anaeleza kwamba mjukuu wake alirudi kutoka shuleni na kitabu chenye picha ya farasi mfupi, mnene, mwenye singa nyeupe kama katani, akivuta gogo kwenye mteremko wa mlima. Chini ya picha iliandikwa kwamba huyo ni farasi wa kazi wa milimani. Mtoto akauliza: "Babu, na sisi tunakaa milimani. Farasi wetu yuko wapi?"

Mzee akakosa jibu. Jioni ile ile bibi wa mtoto alikuwa ameteremka sokoni na debe la maharage kichwani, akapanda tena na chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Akatokea jirani mmoja, mtu wa kusoma kidogo, akadakia kwamba wazee wetu hawakuwa na akili ya kufuga mnyama wa kubeba mizigo, ndiyo maana wakawabebesha wake zao. Mzee anasema neno hilo limemkaa kooni kama mwiba. Ananiuliza: je, ni kweli?

Mzee wangu, shikamoo. Jibu fupi ni kwamba si kweli. Jibu refu ndilo mazungumzo yetu ya leo.

Tuanze na farasi wa kwenye picha. Kwa maelezo yako, nadhani ni yule aitwaye Haflinger, anayetoka milima ya Tirol, mpakani mwa Austria na Italia. Dume anayehesabiwa kuwa baba wa ukoo wote huo alizaliwa mwaka 1874. Si farasi wa mbio wala wa gwaride. Ni mfupi, miguu yake imara, hapepesuki kwenye njia nyembamba ya mawe, na chakula chake si cha kudekezwa. Kwa wakulima wa huko alikuwa lori, trekta na gari la kwenda kanisani, vyote kwa pamoja. Jeshi la Austria limemtumia kupandisha mizigo mahali ambapo gurudumu haliwezi kufika.

Wala usidhani kwamba Afrika haina mnyama wa namna hiyo. Nenda Lesotho, nchi iliyo milimani tupu. Basotho waliwapata farasi wao wa kwanza kwenye miaka ya 1830, zama za Mfalme Moshoeshoe, na katika muda wa maisha ya mtu mmoja wakawa taifa la wapanda farasi. Farasi wao ni mdogo, mvumilivu, anapanda majabali kama mbuzi. Wakati wa vita vya Waingereza na Makaburu, kati ya mwaka 1899 na 1902, Waingereza waliwanunua farasi hao kwa maelfu. Kwa hiyo Mwafrika akipewa farasi katika nchi inayomfaa farasi, anajua la kufanya.

Sasa swali ni hili: kwa nini Lesotho na si Ukaguru? Milima ya Ukaguru ina vilele vinavyopita meta 2,000. Hewa ni ya baridi, majani yapo, maji yapo. Tatizo, ndugu msikilizaji, haliko juu ya mlima. Liko chini yake. Nchi nzima ya Lesotho imeinuka. Hata bonde lake la chini kabisa liko karibu meta 1,400 juu ya usawa wa bahari. Lakini kutoka pwani mpaka Kilosa lazima upite nyika ya chini yenye joto. Lazima uvuke mbuga ya Mkata, ile tambarare kubwa ambayo leo sehemu yake imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Na katika nyika hiyo anakaa mwenyeji mdogo kuliko wote, naye ni mbung'o.

Aliyewahi kupita Mikumi kwa gari lililofunguliwa vioo anamjua. Anafanana na inzi wa kawaida, lakini mabawa yake akitua huyakunja moja juu ya jingine, kama blade za mkasi. Akiuma, unaruka. Mwaka 1895, huko Zululand, daktari wa jeshi la Waingereza aitwaye David Bruce alithibitisha kwamba mbung'o huyo ndiye anayeingiza katika damu ya mnyama vijidudu vinavyoleta nagana, yaani malale ya mifugo. Ng'ombe hukonda akiwa anakula, nywele husimama, macho hutoa machozi, na mwisho hulala asiamke. Farasi hali yake ni mbaya zaidi. Tena kuna ugonjwa mwingine, tauni ya farasi, unaoenezwa na visubi wale wadogo wa usiku wakati wa mvua. Farasi mgeni anaweza kuwa mzima asubuhi na kesho yake akawa mzoga, povu limejaa puani.

Wafugaji na wasafiri wa nchi hii waliujua ubaya wa mbung'o zamani sana kabla ya Bruce. Walijua njia ipi ipitishwe mifugo usiku na pori lipi lichomwe moto. Wageni ndio waliokataa kuamini, na kila mmoja akaja kujaribu kwa gharama yake.

Mwaka 1871, Henry Morton Stanley alitoka Bagamoyo kwenda kumtafuta Dakta Livingstone. Alikuwa na farasi wawili, mmoja akiwa zawadi ya Sultani Barghash wa Unguja, pamoja na punda zaidi ya ishirini. Aliambiwa kwamba farasi hawaishi katika nchi hii. Akabisha. Hata Morogoro hakuwa ameifikia, farasi wote wawili wakafa, wakiachana kwa muda mfupi tu. Stanley aliwapasua na kutafuta sababu nyingine tumboni mwao, akiona aibu kukubali kwamba ameonywa. Na jumbe wa mahali pale akaja kudai nguo kwa sababu mzoga umezikwa katika ardhi yake bila ruhusa.

Stanley akaendelea na punda. Akaingia mbuga ya Mkata wakati wa masika, mwezi wa Aprili, maji yakiwa mapajani na kiunoni. Msafara ulihangaika siku kadhaa kabla ya kukanyaga nchi kavu ya Rehenneko, chini ya milima ya Usagara. Punda wakawa wanakufa wawili watatu kwa siku, mpaka wakabaki wachache tu, nao wagonjwa. Waliovuka na mizigo yote, nguo, shanga na nyaya za shaba, walikuwa wapagazi. Stanley alipata sifa dunia nzima. Majina ya waliobeba mizigo yake katika tope la Mkata nani anayakumbuka?

Baada yake walikuja wamisionari. Mwaka 1876 Roger Price, aliyekuwa amezoea magari ya kukokotwa na ng'ombe huko kusini mwa Afrika, alitoka Saadani na ng'ombe wanne mpaka Mpwapwa ili kupima njia. Ng'ombe hao wakarudi wazima, naye akaamini kwamba mambo yamekwisha. Mwaka uliofuata yakaletwa magari na makundi ya ng'ombe. Mhandisi Alexander Mackay alifyeka barabara kutoka Saadani mpaka Mpwapwa, karibu kilometa 370. Barabara ilikuwapo, magari yalikuwapo, lakini ng'ombe waliangukia njiani mmoja baada ya mwingine. Mbung'o hakuwa na haraka, kwani mnyama aliyeumwa leo hufa baada ya wiki kadhaa. Mizigo ikashushwa, ikagawanywa, ikawekwa vichwani mwa watu.

Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Ubelgiji akaja na shauri jipya. Alileta tembo wanne kutoka Bara Hindi pamoja na walezi wao, wakashushwa Msasani, karibu na Dar es Salaam, chini ya uongozi wa Kapteni Carter. Fikirini mshangao wa watu walioona tembo akitii amri ya mtu! Mbung'o hawakuwaweza tembo wale upesi kama walivyowaweza ng'ombe. Lakini mizigo mizito, safari ndefu na lishe ngeni viliwachosha, wakawa wanafia njiani. Kapteni Carter mwenyewe aliuawa bara mwaka 1880, na shauri la tembo likazikwa pamoja naye.

Wajerumani nao, katika utawala wao, walimtazama punda milia na kusema: huyu hapati madhara, basi tumfunge lijamu. Upande wa Kilimanjaro Mjerumani mmoja, Bronsart von Schellendorff, alijitahidi sana kufuga punda milia na kuwachanganya na farasi. Hoja haikuwa ya kipuuzi, kwa sababu ni kweli kwamba punda milia hubeba vijidudu vya maradhi yale bila kuugua sana. Lakini punda milia ana hasira, anauma, na shingo yake haikubali nira. Mpaka leo yuko Mikumi anakula nyasi zake, hajawahi kumbebea mtu hata kibaba cha mtama.

Ndugu msikilizaji, unaona jambo lililo wazi hapa. Wazungu wenye fedha, bunduki, vitabu na wahandisi walishindwa kupitisha mnyama wa kazi katika nyika hii. Mbona hatusikii mtu akisema kwamba wao hawakuwa na akili?

Tena tukumbuke kwamba wazee wetu walifuga. Kulikuwa na ng'ombe, mbuzi na kondoo katika sehemu nyingi ambako watu walikuwa wengi, mashamba yamefunguliwa na pori limesukumwa mbali. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1890, ikaja sotoka, ikafyeka ng'ombe Afrika Mashariki yote. Ikafuatwa na njaa, ndui na vita vya kuwekwa chini ya ukoloni. Watu wakapungua, mashamba yakageuka vichaka, na mbung'o akafuata vichaka. Pori tunalodhani ni la tangu kuumbwa kwa dunia, mahali pengine lina umri wa babu wa babu zetu tu.

Aliyeleta nafuu ya kwanza Kilosa hakuwa mnyama. Alikuwa garimoshi. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Morogoro mwaka 1907 na Kilosa mwaka 1909. Chuma hakiumwi na mbung'o. Mashamba ya katani yakaenea Kilosa na Kimamba, na mzigo uliobebwa na watu mia ukaingia katika behewa moja.

Lakini kabla reli haijazoeleka, ikaja Vita Kuu ya Kwanza, na hapo ndipo Kilosa ilipoona farasi wengi kuliko wakati mwingine wowote, na mizoga mingi kuliko wakati mwingine wowote. Mwaka 1916 Jenerali Smuts alileta vikosi vya wapanda farasi kutoka Afrika Kusini. Jenerali van Deventer alitoka upande wa Arusha mwezi wa Aprili akaenda mbio mpaka Kondoa Irangi, akapoteza mamia ya farasi njiani. Akaletewa wengine. Mwezi wa Julai akashuka Dodoma, akaifuata reli kuelekea mashariki, na tarehe 22 Agosti 1916 akaingia Kilosa. Kutoka hapo akaelekea kusini kwa njia ya Ulaya, kijiji chetu hicho cha Kilosa chenye jina la mbali, mpaka Kidodi karibu na mto Ruaha Mkuu. Hapo jeshi likakwama. Farasi walikuwa wanakufa kwa maelfu katika nchi yote hii, nyumbu wa mizigo wanakufa, ng'ombe wa magari wanakufa. Hao walioitwa wapanda farasi walikuwa wanatembea kwa miguu, wengi wao wakitetemeka kwa malaria, wakisubiri chakula ambacho hapakuwa na mnyama wa kukileta.

Basi nani alikileta? Jibu unalijua. Waingereza walikusanya watu katika Afrika Mashariki nzima, wengine kwa ujira mdogo, wengi kwa kukamatwa, wakawafanya wapagazi wa jeshi. Wajerumani nao walifanya vivyo hivyo upande wao. Watu walibeba risasi, unga na majeruhi, katika mvua, kwa mgao mdogo wa chakula ambacho wengi hawakukizoea. Kumbukumbu za Waingereza wenyewe zinahesabu wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa. Wanahistoria wa baadaye wanakaribia 100,000. Kuhara, homa ya mapafu na malaria viliua wengi kuliko risasi.

Ukienda Dar es Salaam leo ukapanda daladala ya Kariakoo, unataja jina la jeshi hilo. Maneno ya Kiingereza ya kikosi cha wapagazi, waliokuwa na kambi yao mahali pale, yalipita katika midomo ya watu wetu yakatoka Kariakoo. Na katikati ya jiji ipo Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa mwaka 1927. Maandishi ya chini yake yanawakumbuka na wapagazi pia. Lakini sanamu yenyewe ni ya askari na bunduki yake. Mpagazi na mzigo wake hayupo pale juu.

Nimetaja nyumbu wa mizigo, na pengine vijana wameshangaa. Kijana wa Mikumi akisikia nyumbu, anamfikiria yule mnyama wa porini mwenye ndevu na pembe. Lakini katika Kiswahili neno hilo ni la wanyama wawili. Nyumbu wa pili, ambaye pia huitwa baghala, ni mtoto wa punda na farasi, mnyama wa mizigo hasa, mwenye nguvu za mama na subira ya baba. Kwetu amesahaulika kiasi kwamba jina lake limechukuliwa lote na yule wa porini. Lugha nayo ni daftari la historia: mnyama asiyeweza kuishi katika nchi, hata jina lake haliishi.

Hayo ni ya jana. Leo je?

Leo Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, inapitiwa na barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia. Kilosa yenyewe inapitiwa na reli mpya ya mwendokasi, iliyoanza kuchukua abiria mpaka Dodoma mwaka 2024, ikitoboa milima ile ile kwa mahandaki. Ni jambo la kujivunia. Mtu anavuka kwa dakika chache mbuga iliyommaliza Stanley. Lakini, ndugu msikilizaji, ukiwa ndani ya treni hiyo tazama dirishani, upande wa milima. Utaona vijia vyekundu vinavyopanda juu, na katika vijia hivyo wanawake wamejitwisha kuni, ndoo za maji na viroba vya mahindi. Mzigo umetoka kwa mpagazi wa msafara, ukatoka kwa mpagazi wa jeshi, umebaki kwa mama. Treni haisimami mlangoni kwake.

Mzee wangu, hatuhitaji farasi wa Tirol. Tunaye mnyama mmoja anayestahimili shida za nchi hii kuliko farasi, naye ni punda. Mbung'o humwumiza, lakini huvumilia kuliko farasi, na tauni ya farasi ni nadra kumwua. Siku hizi dawa za nagana zipo kwa maafisa mifugo, na mitego ya vitambaa vya bluu na vyeusi imesaidia kupunguza mbung'o. Ndugu zetu Waparakuyo na Wamasai wa Kilosa wanaye punda bomani. Dodoma punda anavuta mkokoteni wa maji mchana kutwa. Kwa nini basi kijiji cha mkulima wa mlimani hakina hata mmoja?

Wengine wanaona haya, wakisema punda ni mnyama wa maskini. Wengine wanamjua kwa matusi tu. Kisha yuko anayemfuga lakini anampiga virungu, anamtwika mpaka mgongo unatoka vidonda, na kumwacha alale na kiu. Halafu tunasema shukrani ya punda ni mateke! Je, sisi tumempa nini cha kushukuru?

Wakati sisi tunamdharau, wengine wameijua thamani yake kwa namna mbaya. Kwa miaka kadhaa ngozi ya punda imetafutwa kote Afrika ili kutengenezea dawa ya Kichina, na punda wamechinjwa na kuibwa kwa wingi mpaka wakulima wa nchi nyingi wakaamka asubuhi wakikuta kamba tupu. Ndiyo maana mwezi wa Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika waliamua kusimamisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi kwa muda wa miaka 15. Uamuzi huo ni mzuri, lakini karatasi ya Addis Ababa haitoshi kumlinda punda wa Kilosa. Atalindwa na mwenye zizi, na serikali ya kijiji inayojua kwamba punda mmoja akiibwa, ni mama mmoja amerudishiwa mzigo kichwani.

Kwa hiyo, mzee, mwambie mjukuu wako hivi. Wazee wetu hawakukosa akili. Walikaa katika nchi iliyokataa farasi, na pale mnyama alipokufa, wao waliinama wakauchukua mzigo. Dini, biashara, vita na ukoloni, vyote vilipita Kilosa juu ya vichwa na mabega ya watu. Hilo si la kuonea haya. La kuonea haya ni kwamba sisi, tulio na dawa na elimu ambazo wao hawakuwa nazo, bado tunamtazama mama akipanda mlima na kiroba, nasi tumekaa kivulini tunasema amezoea.

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayeutazama huona ni mwepesi. Basi safari ijayo ukikutana na bibi huyo njiani, ukiwa huna punda wa kumpa, mpokee walau hatua mia moja. Ndipo utakapojua historia ya Kilosa ilikuwa na uzito gani.

Hadi juma lijalo, ndugu msikilizaji, kwaheri.